Slaisi iliyofichwa na Kusi: kisa cha draiva moja Tanga

"Mwanangu, hii fimbo niliyouziwa ni feki."

Ndivyo alivyoanza mzee, mara tu baada ya kuitikia shikamoo yangu kwenye simu, wiki ya kwanza ya Januari. Hakuuliza watoto, hakuuliza nyumbani. Kwa mtu wa Tanga wa umri wake, kuziruka salamu ni dalili kwamba jambo limemkaa kooni.

Mzee ni mstaafu wa bandari, ana miaka 64, anaishi Raskazone. Gofu ameianza ukubwani, akiwa na miaka 58, na kama wote wanaoianza ukubwani, ameipenda kwa wivu. Mimi nilianza kwa mlango wa nyuma: nilikuwa kedi Dar es Salaam tangu nikiwa shule ya msingi, nikibeba mifuko mizito kuliko mimi, na nilijifunza mchezo kwa kutazama makosa ya watu waliokuwa wakinilipa. Sasa nakaa Chumbageni, na jioni jioni nawafundisha watu wachache. Mzee ni mmoja wao, ingawa kwa miezi saba kabla ya simu hiyo hakunihitaji. Alikuwa amepona.

Ugonjwa wenyewe ni slaisi. Kwa mchezaji wa mkono wa kulia, ni ule mpira unaoondoka vizuri tu, kisha ukifika angani unakata kona kwenda kulia kama bodaboda aliyeona trafiki mbele. (Mwenye kucheza kwa kushoto ageuze kila nitakachosema.) Mzee alikuwa na slaisi tangu siku ya kwanza. Mwezi Juni akanunua draiva iliyotumika, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, kutoka kwa mchezaji mmoja wa Dar, fimbo nzuri, kichwa kikubwa, yenye mlalo (yaani uso wake kulalia nyuma) wa digrii 9. Slaisi ikakoma. Juni, Julai, Agosti, mpira ukawa unakwenda mbele kama umetumwa. Akamsifia muuzaji mpaka kwa watu wasiojua gofu ni nini. Desemba akaenda Dar kwenye mashindano, na kwenye mashimo tisa ya kwanza akapoteza mipira mitano, yote upande wa kulia. Aliporudi Tanga hali ikawa ileile. Akahitimisha kwamba fimbo ni ya bandia na sasa imechoka, na akamtumia muuzaji ujumbe ambao sikuonyeshwa, ila nimeambiwa ulikuwa mfupi.

Nikamwambia tukutane kesho yake saa kumi jioni, aje na fimbo zote na lile daftari lake.

Tunapofanyia mazoezi si uwanja wa gofu hasa. Ni eneo la nyasi karibu na bahari, tunapiga kuelekea kaskazini mashariki. Kushoto kuna minazi na njia ya vumbi wanayopita wenye bajaji. Kulia kuna ua mrefu wa michongoma, na nyuma ya michongoma kuna watoto. Watoto hao ndio wanaofaidika na slaisi ya Raskazone kuliko mtu mwingine yeyote: wanaokota mipira na kukuuzia tena, shilingi mia tano mmoja, ukiwa mpya elfu moja. Kumbuka mwelekeo huo, kaskazini mashariki. Nitaurudia.

Siku ya kwanza sikumrekebisha kitu. Nilimwomba apige mipira 20 kwa draiva, kama anavyopiga siku zote, nami nikawa naandika mambo mawili kwa kila mpira: ulianzia wapi, na ulipinda kwenda wapi. Watu wengi huangalia ulipoangukia tu, nao huo ni ushahidi dhaifu. Mipira miwili inaweza kulala sehemu moja ndani ya michongoma ikiwa imefika huko kwa sababu mbili tofauti kabisa. Mmoja umeanza kulia na kunyooka. Huo ni uso wa fimbo, yaani upande unaogonga mpira, na njia yake, yaani inakopita ikigonga, vyote vimeelekea kulia. Mwingine umeanza kushoto, ukazunguka, ukarudi kulia. Hiyo ndiyo slaisi, na dawa ya huyu ukimpa yule unamwongezea.

Mipira 15 ya mzee ilianza kushoto ya shabaha, karibu na minazi, kisha ikapinda kulia. Mitatu ilianza katikati ikapinda kulia zaidi. Miwili aliigonga kichwani, haikupanda, sikuihesabu.

Hapa lazima nisimame kidogo, maana hili ndilo lililobadili ufundishaji wa gofu wakati mimi bado nabeba mifuko. Zamani tuliambiwa mpira huanza kwa kufuata njia ya fimbo, halafu hupinda kuelekea uso wa fimbo ulikotazama. Rada za kupima mpira zilipokuja zikaonyesha tulikuwa tumeligeuza jambo. Mpira huanza zaidi kule uso wa fimbo unakotazama wakati wa kugusana. Kwa draiva uso ndio wenye kauli kubwa kabisa. Kupinda kunatokana na tofauti kati ya uso na njia. Ikiwa njia inakwenda kushoto kwa digrii 6 na uso unatazama kushoto kwa digrii 2, mpira utaanza kushoto kidogo, kisha utapinda kulia, kwa sababu uso, ukilinganishwa na njia, uko wazi, yaani umegeukia kulia, kwa digrii 4. Hata uso uliofunga ukilinganisha na shabaha unaweza kuzaa slaisi. Mzee alipolisikia hili alikaa juu ya mfuko wake akanitazama kama nimemwambia maji yanapanda mlima.

Kuhusu kupinda kwenyewe, mpira wa gofu hauna mizunguko miwili, mmoja wa nyuma na mmoja wa pembeni, kama wengi wasemavyo. Una mzunguko mmoja tu, na mhimili wa mzunguko huo ndio unaoinama. Ukilala sawa, mpira unapanda na kunyooka. Ukiinama kulia, unavutwa kulia, kama ndege inavyoinamisha bawa ili ikate kona. Mjerumani Heinrich Gustav Magnus aliieleza nguvu hii mwaka 1852, na katika miaka ya 1890 profesa mmoja wa Edinburgh, Peter Guthrie Tait, akaipigia hesabu kwa mpira wa gofu. Si uchawi, wala si fimbo feki.

Baada ya hapo nikatoa chaki. Chaki ya ubaoni, ile ile. Unaisugua kwenye uso wa draiva, unapiga, na mpira unaacha alama pale ulipogusa. Mipira mitano tuliyopiga kwa chaki iliacha alama nne karibu na shingo ya fimbo, upande wa kisigino, na moja tu katikati. Hili nalo lina uzito wake. Uso wa draiva umefura kidogo na uzito wa kichwa uko nyuma ya uso, kwa hiyo mpira ukigongwa kisiginoni, kichwa hugeuka kidogo na kuuzungusha mpira kinyume chake kama meno ya gia, na mzunguko huo ni wa kulia. Mtu anaweza kupata slaisi kwa sababu hii peke yake, uso na njia vikiwa sawa. Mzee alikuwa na zote mbili.

"Sasa hebu nambie," akasema, "mbona fimbo namba 9 hainipeleki kulia? Yanipeleka kushoto!"

Nilimshukuru kwa swali hilo, maana lilifunga kesi. Ni ugonjwa mmoja wenye dalili mbili. Fimbo yake inashuka kutoka nje ya mwili ikivuka mpira kuelekea kushoto. Kwa namba 9, yenye mlalo mkubwa, mpira unajizungusha sana kwa nyuma na mhimili hauinami kwa urahisi, kwa hiyo unakwenda kushoto ukiwa umenyooka. Kwa draiva ya digrii 9 mzunguko wa nyuma ni mdogo, kosa lilelile linauinamisha mhimili kwa kiasi kikubwa zaidi, nayo fimbo ni ndefu kuliko zote mfukoni. Mtu akikwambia namba 9 yake inavuta kushoto na draiva yake inakimbilia kulia, huhitaji kumwona akipiga. Umeshamjua.

Lakini hilo halikueleza Juni, Julai na Agosti.

Daftari la mzee ni mali. Miaka yote aliyofanya kazi bandarini alikuwa akihesabu vitu vinavyoingia na kutoka, na alipostaafu hakuweza kuacha. Kila jioni ya mazoezi anaandika tarehe, mipira aliyopiga na draiva, na mipira iliyovuka michongoma. Nililifungua nikiwa nimekaa nyasini. Mei: katika 30, imevuka 6. Julai: katika 30, imevuka 1, siku nyingine 0. Agosti vivyo hivyo. Oktoba: 4. Desemba: 11, 13, 12.

Nikasoma tena, safari hii nikitazama miezi na kuiacha mipira. Nikainua kichwa. Upepo ulikuwa unanipiga usoni.

"Mzee," nikamwuliza, "Julai upepo unatoka wapi?"

Alifungua mdomo anijibu, halafu akaufunga. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyeibiwa na ndugu yake. Miaka thelathini na zaidi kazini bandarini, mtu anayejua lini majahazi yalikuwa yakija na lini yalikuwa yakirudi, na hakuwahi kuujumlisha upepo kwenye gofu yake.

Ni hivi. Kusi hutoka kusini mashariki. Ukiwa unapiga kuelekea kaskazini mashariki, Kusi inakupiga begani kulia, barabara, na kuusukuma mpira kushoto. Slaisi ya mzee ilikuwa inapinda kulia na Kusi ikiurudisha mpira katikati. Yeye aliuona umenyooka. Kaskazi, inayokuja Desemba mpaka Machi, hutoka kaskazini mashariki, yaani usoni. Upepo wa mbele hauusukumi mpira kulia wala kushoto, ila unaongeza kasi ya hewa inayopita juu ya mpira, na kila mhimili ulioinama unaonekana umeinama zaidi. Slaisi ndogo inakuwa kubwa. Kwa hiyo draiva mpya haikumponya, na wala haikuharibika. Iliingia mkononi mwake mwezi ambao Kusi imekaza, ikapewa sifa ya kazi iliyofanywa na upepo.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu nimeona watu wengi wa pwani yetu wakinunua na kuuza fimbo kwa majira bila kujua. Kabla hujatoa hela kwa ajili ya draiva nyingine, andika siku tatu za upepo wa kulia, siku tatu za upepo wa mbele, na ukibahatika siku moja ya shwari. Mpira wa shwari ndio wako.

Sasa makosa yangu mwenyewe.

Wiki ya kwanza nilianza na mshiko. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekaa juu ya fimbo kwa namna ambayo, akitazama chini, aliona kifundo kimoja tu cha vidole. Mshiko wa hivyo huuacha uso wazi. Nikaugeuza kulia mpaka akaona vifundo viwili na nusu, na ile V ya gumba na kidole cha shahada ikatazama bega la kulia. Ni dawa ya kwanza inayoandikwa kila mahali, na kwa watu wengi inafanya kazi. Mpira wake wa kwanza ulitoka chini chini, ukanyooka moja kwa moja kushoto, ukapita kati ya minazi, ukadunda njiani hatua chache mbele ya bajaji. Kijana akafunga breki, akashuka, akautazama mpira, akatutazama sisi. Mzee alimwomba radhi kwa heshima zote, kisha akanigeukia.

"Ndiyo unifundishavyo?"

Alikuwa na haki. Nilikuwa nimefunga uso bila kugusa njia. Njia ilikuwa bado inakwenda kushoto kwa digrii sita au saba. Uso sasa ukaifuata. Na mpira ukatii wote wawili, moja kwa moja kushoto. Kwa umbali wa mita 200, kila digrii moja ni kama mita 3 na nusu. Saba ni mita 24, na hapo ndipo bajaji ilipokuwa inapita. Kilichofuata ndicho kilichonifunza: ndani ya siku mbili, bila kuambiwa na mtu, mzee alikuwa ameshaufungua uso tena kwa kuuachia mkono wa kulia ulegee. Hakujua anafanya hivyo. Mwili wake ulijua kwamba njia ile inahitaji uso wazi ili mpira usiende barabarani, ukaurudisha. Uso wazi na njia ya kushoto walikuwa wameoana miaka sita. Ukimtoa mmoja, mwingine anamfuata kumrudisha.

Tukarudi mwanzo, tukaanza na alivyosimama.

Nilileta miti miwili ya mkonge, ile mirefu inayochomoza katikati ya mmea ukikaribia kufa. Hapa Tanga haina bei. Mkonge uliletwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 na umetuachia miti hii kila kona. Ni myepesi na laini, ukiigonga kwa bahati mbaya haikwaruzi draiva, kuliko zile fimbo za plastiki zinazouzwa kwa dola. Mmoja niliulaza kutoka kwenye mpira kuelekea shabaha, ambayo ni nguzo ya umeme ya mbali. Mwingine nikauweka mbele ya vidole vya miguu yake, pale alipokuwa amejisimamia kwa mazoea.

Akarudi nyuma kutazama. Mti wa miguu ulikuwa unaelekea minazini, hatua kama ishirini na tano kushoto ya nguzo.

Hili nalo lina historia yake. Mpira ukikimbilia kulia kila siku, mtu mwenye akili anasimama akielekea kushoto ili ulale katikati. Ila mabega nayo yanaelekea kushoto, fimbo inafuata mabega, njia inazidi kwenda kushoto, mpira unapinda zaidi, kesho anasogea kushoto tena. Nilipomsimamisha sambamba na nguzo alilalamika kwa sauti: "Mwanangu, waniambia nielekee michongomani!" Kwa macho yake, kunyooka kulikuwa ni kulia. Tulikaa dakika kumi bila kupiga hata mpira mmoja, anasimama, anatazama, anatoka, anarudi kusimama. Kuna walimu wanaoona aibu kumaliza dakika kumi za mtu bila mpira kupigwa. Mimi naziona ndizo zilizolipiwa.

La pili lilikuwa mahali pa mpira. Alikuwa anauweka mbele sana, nje ya kidole gumba cha mguu wa kushoto. Fimbo hutembea kwa duara. Draiva hupigwa ikiwa imeshapita chini kabisa ya duara na imeanza kupanda, na inapopanda huwa pia imeshaanza kuzunguka kurudi kushoto. Kadiri mpira unavyokuwa mbele, ndivyo unavyoikuta fimbo ikiwa imeshageukia kushoto zaidi. Na ili kuufikia, mabega lazima yafunguke. Tukaurudisha upana wa mpira mmoja na nusu, ukawa mkabala na ndani ya kisigino cha kushoto. Kisha mguu wa kulia tukauvuta nyuma kidogo, upana wa kiatu, na bega la kulia likashuka chini ya la kushoto. Urefu wa tii, kile kijiti cha kuwekea mpira: nusu ya mpira juu ya kichwa cha draiva, basi.

Halafu chupa. Chupa tupu ya maji ya nusu lita, niliisimamisha ng'ambo ya mpira, upande usio wa kwake, na nyuma kidogo kama futi moja, kiasi kwamba fimbo ikishuka kutoka nje lazima iigonge. Haikuwa na maji ndani. Chupa yenye maji humtia mtu woga naye anakaza mikono. Nikamwambia apige nusu ya mzunguko, mikono isipite usawa wa bega, kwa kasi ya mtu anayefagia uwanja. Amri ilikuwa moja: mpira uanze kulia ya nguzo. Kuishia wapi si kazi yake.

Mipira kumi ya kwanza, chupa iliruka mara saba. Watoto wa michongoma wakawa wanashangilia kila inaporuka, na mmoja akaja kujitolea kuisimamisha. Kwenye mpira wa kumi na tano hivi nikasikia mlio tofauti. Wanaocheza wanaujua: mpira uliogongwa kisiginoni unalia kama kopo, wa katikati unalia kwa ufupi, kama mlango mzuri uliofungwa. Chupa ilibaki imesimama. Mpira ulianza kulia ya nguzo, ukaelekea michongomani, mzee akasema "Yarabi," na kisha ukarudi kushoto. Polepole, mita tano au sita, lakini ulirudi. Mtu wa miaka 64 alikuwa hajawahi kuuona mpira wake ukipinda upande ule. Alibaki ameshika fimbo juu bila kuishusha.

Tukatazama chaki. Alama ilikuwa katikati, juu kidogo.

Hapo ndipo nikarudi kwenye mshiko, kwa mara ya pili, na safari hii haukumpeleka barabarani. Vifundo viwili, si viwili na nusu. Njia ikishanyooka, uso hauhitaji kufungwa kwa nguvu, na ukizidisha utampa ugonjwa mwingine wa kupinda kushoto ambao ni mbaya zaidi, kwa sababu mpira huo hukimbia ukifika chini.

Ilibaki fimbo yenyewe. Draiva ile ilikuwa ya aina inayoweza kubadilishwa mlalo kwa kulegeza skrubu shingoni, kutoka 9 hadi 10.5. Mlalo mkubwa unaongeza mzunguko wa nyuma na kuufanya mhimili usiiname sana kama ulivyozoea kuinama. Tena kwa fimbo nyingi za namna hii, ukiongeza mlalo uso nao hufunga kidogo. Kwa mtu wa kasi ya mzee, digrii 9 haikuwa na sababu yoyote zaidi ya majivuno. Wanaume tunapenda namba ndogo kwenye draiva kama tunavyopenda namba kubwa kwenye pikipiki. Lakini ufunguo wake haukuja na fimbo. Fundi wa pikipiki Ngamiani alikuwa na bisibisi ya nyota iliyoingia sawasawa, nikakataa. Ufunguo wa draiva hulia ukifika kiasi, ukazuia usikaze zaidi. Bisibisi ya fundi haikwambii kitu mpaka uzi umekatika.

Ikabidi mzee ampigie muuzaji, yule yule aliyemtumia ujumbe mfupi. Nilikuwa nimekaa pembeni. Alianza na hujambo, akauliza watoto, akauliza wa nyumbani, akauliza mvua za Dar, akauliza hata mkwe, ambaye sina hakika kama alikuwapo. Kisha akaja kwenye ufunguo. Muuzaji akasema, lo, uko kwenye mfuko wangu tangu siku ile, nilisahau kukupa. Ukafika kesho yake na basi, umefungwa kwenye bahasha ya kaki.

Sikuubadilisha mlalo mpaka wiki ya nne, kwa makusudi. Ningeubadilisha mwanzo, mpira ungenyooka kiasi, na tungerudi kuisifia fimbo.

Mwisho wa Machi, Kaskazi ikiwa inaishiwa, tulirudia hesabu ya siku ya kwanza, mipira 20. Minne ilivuka michongoma. Mitatu ilikwenda minazini. Kumi na tatu ilibaki kati ya minazi na michongoma, mingi ikipinda kulia kidogo tu, kiasi mtu anaweza kucheza nayo akijua. Haijanyooka, na sikumwahidi kunyooka. Chupa bado anaisimamisha kila akianza mazoezi. Watoto wamepandisha bei.

Mvua za masika zikatusimamisha Aprili na sehemu kubwa ya Mei. Tulipokutana tena Juni, Kusi ilikuwa imeshaanza kukaza, minazi yote imeinamia upande mmoja. Nilikuwa naisubiri siku hiyo. Alisimama, akapiga mpira wa kwanza, mzuri, mlio wa katikati, na upepo ukaubeba kushoto mpaka kwenye njia ya bajaji. Akatazama chini. Nikaona mkono wake wa kushoto unaanza kuteleza juu ya fimbo, kifundo cha pili kinapotea.

Sikusema kitu. Mkono ukasimama. Akaunyanyua, akalamba kidole, akakiinua juu ya kichwa kama nahodha.

"Si mimi huyu," akasema. Akarudisha mkono pale pale ulipokuwa, akausogeza mti wa mkonge hatua nane kulia ya nguzo, akaomba mpira mwingine.